Kwa Amri Ya

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na mbili, saa tatu na robo asubuhi. Siku hiyo wakubwa walikuwa wanangojewa kwenye ngome kule juu kilimani. Lifti ya kupandia ilipigwa deki, ikawekwa maua, kisha ikatiwa kufuli isije ikachafuliwa na vibarua. Mke wa mchora mabango, mfagizi wa ngome kwa miaka kumi na tisa, akashika ngazi: ndoo mkono huu, fagio mkono huu, na moyo ambao daktari alishautilia shaka. Alifika kidato cha mia mbili na arobaini. Akakaa kama mtu anayefunga kiatu. Hakuinuka.

Wakubwa wenyewe walikuja na magari, wakapita barabara ya nyuma. Lifti hata hawakuitupia jicho.

Mwezi wa tatu baada ya maziko, mchora mabango aliamka, akanywa chai isiyo na sukari kwa kuwa hakuikumbuka, akaosha vikombe viwili. Kimoja kilikuwa kikavu. Kisha akaenda kumwona meneja wa ngome, aliyekuwa amemwita.

"Pole sana, mzee wangu," meneja akasema. "Kazi ya Mungu."

"Kazi ya Mungu naijua, bwana meneja. Haina kufuli."

Meneja akakohoa, akamsogezea karatasi. Walitaka bango jipya pale chini, upande wa bandari, liwaonyeshe wageni njia za kufika ngomeni. Mchora mabango aliacha shule darasa la nne, kwa hiyo alisoma kwa kidole, neno baada ya neno. Kwa barabara: magari ya ofisi na wageni maalumu. Kwa ngazi: mwendo mwepesi, dakika kumi. Kwa lifti: hufunguliwa saa mbili asubuhi, hufungwa kwa amri ya uongozi.

"Uongozi ndio nani?"

"Ni uongozi tu, mzee."

Akaikunja karatasi, akateremka hadi kwa mwendesha lifti, ambaye mji mzima ulimwita Pandashuka.

"Siku ile nani alikwambia ufunge?"

"Simu, shemeji."

"Simu ina mwenyewe."

"Ilisema 'funga' ikakatika. Mimi nani hata niulize? Nilisikia imetoka juu."

"Juu kuna ngome, bendera na njiwa. Njiwa ndio waliopiga?"

Pandashuka akacheka, kisha akamkumbuka marehemu, akageukia ukuta.

Kabla ya kugusa rangi, mchora mabango alizipanda zile ngazi mwenyewe. Kwenye kidato cha mia mbili na arobaini hakusimama. Alidhani atalia, alichokisikia ni magoti tu. Vidato vilikuwa mia tatu na sitini. Dakika zilikuwa ishirini na sita.

Kwa siku mbili alichora. Barabara akaiandika kama ilivyo. Kwenye ngazi akautupa ule uongo wa ofisi, akaandika: vidato mia tatu na sitini, nenda polepole. Kwenye lifti akaandika inafunguliwa saa ngapi, akaendelea, hufungwa kwa amri ya, akachomoa brashi, akaitia kwenye mafuta ya taa.

Meneja akashuka na gari lake.

"Mzee, umeruka neno."

"Sikuruka. Nangoja jina."

"Andika uongozi, tumalize."

"Uongozi hauna kidole, bwana. Ile simu ilibonyezwa kwa kidole."

"Nitaleta fundi mwingine!"

"Mlete."

Akabeba ngazi yake ya mbao begani, akaenda zake nyumbani. Hakuwa na furaha wala hasira. Alihisi ubaridi wa mafuta ya taa vidoleni, basi.

Mafundi waliletwa wawili. Wote wawili walifunzwa kushika brashi na mchora mabango, na maziko walihudhuria. Wa kwanza akadai rangi imemwishia. Wa pili alilitazama bango, akavua kofia, akaondoka.

Kwa hiyo limebaki hivyo hivyo. Wageni wanatoka bandarini na mikoba yao, wanalisoma kwa sauti mpaka mwisho, wanaona maneno yamekatika. Wanamgeukia Pandashuka aliye mlangoni na funguo mkononi, naye anatazama viatu vyake.

"Kwa amri ya nani?"