Nywele za Mwalimu Anselmi

Tangu Jumanne ile kaka yangu Anselmi alipoanguka ofisini kwa mkuu wa shule, barua ya utoro ikiwa mkononi, usingizi wangu ulikuwa mtupu. Jana ndipo nilipoota.

Kwanza niseme lililotokea kweli. Shule yao ililetewa Mfumo wa kufundishia na kuandika mahudhurio kwa kompyuta. Akaja mtaalamu, akatoa mafunzo ya saa moja, chai ikiwa humohumo. Akasema, "Kila mwalimu aweke nywila yake."

Kaka, aliyefundisha Jiografia kwa chaki miaka ishirini na sita, akanyoosha mkono. "Nywele?"

Walimu wakacheka mpaka wakashika mbavu, maana kaka alikuwa na upara. Mtaalamu naye akacheka, akasema tuendelee. Kaka hakuuliza tena. Akawa anaingia darasani kila siku, na kila siku Mfumo unaandika hayupo.

Basi, katika ndoto, nipo mlangoni pa shule. Mfumo umekaa kwenye kiti cha plastiki, umevaa tai, unatafuna karanga. Walimu wamepanga foleni. Kila mmoja anang'oa unywele, anauweka kwenye sahani, anapita.

Zamu ya kaka inafika.

"Nywele," Mfumo unasema.

"Sina."

"Umesahau nywele zako?"

"Sikuzisahau, bwana. Ziliondoka zenyewe, mwaka wa kumi huu."

"Jaribio la kwanza limeshindikana. Yamebaki mawili. Yakiisha, wewe ni mtoro milele."

Mara mlango umekuwa dirisha la darasa. Kidato cha tatu wamejazana ndani. "Shikamoo, mwalimu! Tunakuona!"

"Hayupo," Mfumo unasema.

"Huyu hapa," nasema. "Nimemshika mkono."

"Mama, mimi mkono sioni. Naona hayupo."

Navua kitambaa kichwani, nang'oa nywele zangu ukufi mzima, natupa kwenye sahani.

"Hizo ni za mama. Jaribio la pili limeshindikana."

Hapo hasira zikanipanda. Nikamwita mtaalamu aje haraka. Akaja: chupa ya chai yenye miguu, na kitambulisho kinaning'inia kifuani.

"Mafunzo yalishafanyika," chupa ikasema. "Wote walisaini."

"Kaka yangu aliuliza swali!"

"Lilichekwa. Swali likichekwa tunahesabu limejibiwa."

Nikaikaba shingo, nikafungua kifuniko. "Nywila ni kitu gani? Sema, au nakumwaga hapahapa."

"Ni neno la siri tu, mama. Unalichagua mwenyewe, unaliandika, unaingia."

"Basi?" kaka akauliza.

"Basi."

Kaka akanigeukia. "Sekunda, kumbe ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, kaka."

"Na wenzangu wote walikuwa wanajua?"

"Nusu yao hawakujua. Walicheka tu."

Kisha akauinamia Mfumo, akaunong'oneza neno moja. Mfumo ukaacha kutafuna. Dirisha likafunguka kama mlango, nikasikia viti vikiburutwa, wanafunzi wakisimama. Hakuniaga. Alikuwa amechelewa kipindi.

Nikaamka kumekucha. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Mfumo. Wakati wa kujiandikisha kaka aliwapa namba yangu, na kila asubuhi ujumbe ni uleule: HAYUPO. Ulikuja hata siku tuliyomzika.

Wa leo ulisema: "Mwl. Anselmi Mkumbo. YUPO. Ameingia saa 12:40 asubuhi."

Nikaipeleka simu kwa mkuu wa shule. Akausoma ujumbe mara mbili, akanirudishia simu, akasema mitandao siku hizi ina matatizo.

Barua ya utoro bado iko kwenye faili la kaka.