Marehemu Alilalamikia Chumvi

Msinilaumu. Kazi ya mtani msibani inajulikana, na mie Kornelio, seremala, Mnyamwezi wa Tabora, sikuianzisha, nimeikuta. Rafiki yangu Nassibu, Mzaramo wa hapahapa Tandika, alipofariki, nani mwingine angevaa kanzu yake?

Nassibu alikuwa mfanyabiashara wa nazi. Anazipeleka bara kwa treni, anarudi na karanga. Safari ya mwisho mvua ilibeba daraja, behewa likaenda na maji, na waliokufa wakazikwa hukohuko porini, kaburi moja. Mkewe, Chausiku, aliletewa begi tu, na jina kwenye orodha. Hata picha hakuachiwa, maana Nassibu alikuwaga anasema picha zinapunguza damu. Kilichobaki ni nyumba waliyokuwa wakijenga: kuta nne za udongo, juu mbingu. Chausiku akapeleka madai ya fidia. Alichotaka ni mabati tu, kabla vuli haijaziangusha zile kuta.

Arobaini ilipofika, pilau likapikwa, nami nikafanya kazi yangu. Nikavaa kanzu ya marehemu, kofia nikailaza upande wa kushoto kama yeye, mkono kiunoni, nikaingia uani nikifoka: "Chausiku! Pilau halina chumvi!" Sijaonja hata punje, kwa sababu Nassibu naye alilalamikaga kabla ya kuonja. Wanawake wakaangua kicheko, wengine wakajifuta machozi.

"Jamani, Nassibu karudi!"

"Nirudi wapi? Nilichelewa treni!"

Utani una sheria yake. Nikishamvaa marehemu, mie ndiye, mpaka wafiwa wanikomboe kwa chochote kitu.

Hapo ndipo akajitokeza bwana mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni tangu nilipoingia, suruali imenyooka pasi, kifurushi mkononi. Akasema anatoka bara, ana karanga za Nassibu kutoka kwa mshirika wake wa biashara, na lazima azipokee mwenyewe.

"Nassibu ni yupi?"

Ua mzima ukaninyooshea vidole. Twaha, mdogo wake marehemu, mtu mzima na ndevu zake, ndiye aliyekazana kuliko wote. "Si huyo hapo, anayemaliza sahani ya tatu!"

"Ni mie," nikasema. "Karanga zangu umekaa nazo wapi siku zote hizi?"

Yule bwana akatoa karatasi ya mapokezi na kidau cha wino. Nassibu hakujua kuandika, kwa hiyo nami sikujua. Nikabandika dole gumba, nikafungua kifurushi, tukatafuna sote.

Kumbe yule ni Elinaza, mpelelezi wa ofisi ya fidia! Enzi zenyewe zilikuwa za ruksa, kila mtu na biashara yake, na wengine biashara yao ilikuwa kufa; ofisi ilishawalipa wafu kadhaa waliokutwa baadaye wakinywa kahawa kijiweni. Alikuja na mtego, na mie nikaingia mzima mzima.

Chausiku alipomaliza eda, barua ikaja. Madai yamekataliwa. Anayedaiwa kufa yu hai, na anakula vizuri.

Alinifuata karakanani, barua kaikunja ngumini. Wazaramo hutuita wapagazi kwa utani, nasi hucheka. Siku hiyo hakutania.

"Mpagazi wewe, umemfufua mume wangu kwa tumbo lako. Vuli hiyo inakuja. Mlete basi aje aezeke!"

Niliona aibu, jamani. Nikafunga karakana, nikamwambia kesho tunakwenda wote mjini.

Mkuu wa ofisi ile alikuwa Mama Auleria, mtu wa Kusini, miwani kwenye ncha ya pua. Elinaza aliponiona mlangoni akaruka kitini.

"Ndiye huyu, mama! Marehemu huyu hapa!"

"Shikamoo mama," nikasema. "Mie mtani tu."

"Marahaba. Matapeli wote huanza na shikamoo." Akamgeukia Chausiku. "Huyu si mumeo?"

Chausiku akanitazama kuanzia kandambili hadi utosini. "Mama, mie mjane, si kipofu."

Mama Auleria hakucheka. Akasema utani anaujua, hata kwao upo, ila dole halitanii. Mtu aliyejiita Nassibu ameweka dole mbele ya mpelelezi, limo kwenye ripoti, na ofisi haiwezi kulipa kifo cha mtu mwenye dole bichi.

Chausiku akafungua pindo la khanga. Akatoa hati ya kiwanja chao, dole la Nassibu chini, mhuri wa mjumbe pembeni. "Linganisha basi."

Karatasi mbili zikawekwa pamoja mezani. Dole la Nassibu lilikuwa zima, duara ndani ya duara. Lile la ripoti lilikuwa na mfereji umekata katikati. Nikaweka gumba langu kando yake. Msumeno ulilipasua mwaka niliofika Dar, nikitengeneza kitanda cha bwana harusi. Elinaza akatazama gumba, akatazama karatasi, akaishia kutazama viatu vyake.

"Na karanga za ofisi alikula nani?" akauliza Mama Auleria.

"Marehemu, mama."

Hapo ndipo alipocheka, akasaini malipo. Kisha akaishika ripoti ya Elinaza aichane.

"Usichane!" Chausiku alipiga kelele mpaka watu wa chumba cha pili wakachungulia. "Nipe mie hiyo."

Mama Auleria akagonga mhuri wa kufutwa, akampa.

Mabati yakaja, nikaezeka mwenyewe, bure, na Twaha akinipa misumari. Mvua ya kwanza ya vuli ilitukuta sote watatu ndani, ikipiga juu hatusikilizani. Chausiku akafungua sanduku, akatoa ile karatasi. Kusoma hajui. Akaninyooshea.

"Soma. Kwa sauti, mvua hiyo."

Nikasoma: "Nilimkuta Nassibu Fakihi nyumbani kwake, akiwa na afya njema. Alivaa kanzu nyeupe, na kofia ameilaza upande wa kushoto. Alimwita mkewe kwa jina, akalalamika kwamba pilau halina chumvi."

Twaha akageukia ukutani. Chausiku alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka, anayafuta kwa ncha ya khanga.

"Mwongo mkubwa," akasema. "Chumvi ilikuwepo. Soma tena."