Ala Nzuri, Kisu Kiko Wapi?

Habari ya kisu ilifika kibandani kabla ya fundi mwenyewe. Asubuhi ile Soli alipokuja kufungua kibanda chake cha kushona viatu, alikuta watu wanne wamekwisha kaa kwenye benchi, wawili kati yao hawana hata ndala ya kutia gundi, wanamsubiri tu wamwone uso. Aliyeitangaza ni shangazi yake, muuza mitumba wa kibanda cha pili, mwanamke ambaye jambo likiingia sikio la kulia halifiki la kushoto; linatokea mdomoni.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Soli alikuwa na mchumba, muuguzi, waliyejuana naye siku alipomletea kiatu cha kazini kilichoachama mbele kama kinapiga miayo. Mwaka mzima sasa alikuwa anaingia na kutoka nyumbani kwa kina muuguzi. Anakaribishwa, anakunywa chai, anasimuliwa kuku wa jirani wanavyowika, anaaga. Lakini baba wa binti, mpima ardhi mstaafu, hakuwahi kutamka la ndiyo wala la hapana, na muuguzi alishasema wazi kwamba bila neno la baba yake haolewi na mtu, hata awe amempenda mpaka kwenye visigino.

Mzee huyo alikuwa ametembea maporini miaka thelathini na kamba zake na vigingi vyake, na alipostaafu, pori halikumtoka. Kila mwaka familia nzima ilikwenda kupiga kambi siku tatu vilimani, kando ya mto. Kambi ilikuwa na sheria moja: kila mtu abebe kitu kimoja cha kutumiwa na wote, na hakuna cha akiba. Mama alibeba sufuria, kaka mtu hema, muuguzi sanduku la dawa. Kitu chako kikifeli mmefeli wote, na mtakaa nacho hivyo hivyo mpaka siku ya tatu. Siku hiyo ya mwisho, wakati wa kukunja hema, mzee humtajia kila mtu atakachobeba mwaka unaofuata. Anayetajiwa ni wa nyumbani. Asiyetajiwa anaelewa mwenyewe.

Mwaka juzi kulikuwa na karani mmoja, mtanashati anayenukia kutoka upande wa pili wa barabara, naye akimnyemelea muuguzi huyo huyo. Akapewa kiberiti. Akakitia mfuko wa nyuma wa suruali, akafika mtoni, akateleza, akakaa. Siku tatu watu walikula mkate mkavu na ndizi. Wakati wa kutaja ulipofika, mzee alimruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Safari hii Soli aliitwa sebuleni, akaambiwa: kisu. Kimoja, kisichokunjwa, cha kazi zote za kambi, kuanzia kuchonga vigingi na kupasua kuni mpaka kukata kamba na kumenya viazi. Wataondoka Ijumaa. Na siku hiyo watu walipomjazia benchi ilikuwa Jumatatu.

Basi ushauri ukamwagika. Dereva wa lori aliyeleta buti la kubadilishwa soli alisema asipoteze muda, anunue cha kukunja, kinaingia mfukoni. Akakumbushwa na watu watatu kwa mpigo kwamba mzee amesema kisichokunjwa, na kwamba bawaba ndiyo huvunjika kwanza. Fundi redio akasema yeye ameona kisu kirefu kama mkono, kina meno ya msumeno mgongoni, mpini wake una tundu la kuwekea ndoano za samaki, na mwishoni kuna dira.

“Kisu chenye dira,” alisema Shangazi, akitundika mashati. “Mwanangu anakwenda kukata au anakwenda kupotea?”

Mchana Soli alifunga kibanda, akaenda kwa Mama Nondo. Duka la Mama Nondo liliuza kila kitu kigumu: misumari, bawaba, nondo, makufuli, na kwenye kabati la kioo nyuma ya mizani, visu. Harufu ya rangi na mafuta ya mashine. Mwenyewe alikuwa mama mnene mpole, amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alimpangia visu saba juu ya kaunta, akaanza kumweleza.

Soli hakusikia kitu. Alikuwa ameiona ala, ule mfuko ambamo kimoja kilichomekwa.

Ilikuwa ala ya ngozi ya ng'ombe, ya kahawia, nene, iliyopigwa msasa ukingoni mpaka ikang'aa kama ukucha. Mshono ulikwenda mara mbili, sambamba, bila hata tundu moja kupotea njia. Soli aliiweka karibu na pua. Akahesabu mishono kwa ncha ya kidole. Mama Nondo akamwambia achomoe kisu akitazame. Soli akamuuliza kama uzi huu umepakwa nta. Mama Nondo akamwambia tena achomoe. Soli akauliza ni nani aliyeshona, yuko wapi, anatumia sindano namba ngapi. Mara ya tatu mama wa watu akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani, akamfungia alichokitaka.

Kibandani ala ilipokelewa kama bibi harusi. Ilipita mkono kwa mkono benchi zima, ikarudi, ikapita tena. Dereva wa lori aliinusa. Mwalimu wa jirani, aliyekuja kuchukua viatu vya mkewe, alisema hajaona kazi kama ile tangu azaliwe. Saa mbili nzima kisu kilisifiwa bila kutoka ndani.

Kisha Shangazi akaletewa robota lake la mitumba, limekazwa kwa mikanda ile ya plastiki inayokata vidole. Mkasi wake haukuonekana. Akanyoosha mkono benchini, akachomoa kisu, akakipitisha chini ya mkanda na kuvuta kwa nguvu za mtu anayesubiriwa na wateja.

Mkanda haukukatika. Shangazi alirudi nyuma hatua mbili, akasimama. Mkononi alikuwa na mpini. Bapa lilibaki robotani, limekwama, linatikisika taratibu.

Shangazi aliutazama mpini, akaitazama ala, akamtazama mpwa wake.

“Ala nzuri, baba,” alisema. “Kisu kiko wapi?”

Watu walicheka mpaka dereva wa lori akaanguka kwenye viatu vya watu. Soli naye alicheka, akaacha kabla ya wengine. Alijiona vilimani, mzee ameinama juu ya gogo, mpini mkononi mwake na bapa ndani ya gogo, na familia nzima imesimama kuzunguka viazi visivyomenywa. Angerukwa. Angerukwa kama dimbwi, na muuguzi angemfungia sanduku la dawa usoni kwa huzuni.

Alirudi kwa Mama Nondo mbio, bado amevaa aproni ya kazi. Mama Nondo hakumzomea. Alichukua bapa akamwonyesha: mwisho wake ulikuwa msumari mfupi kama kidole cha mtoto, umechomekwa ndani ya mpini kwa gundi na matumaini.

“Nilikwambia chomoa mara tatu, fundi. Wewe ukiletewa kiatu unatazama wapi kwanza?”

“Pale soli inapokutana na ngozi.”

“Haya. Sasa nitazamie visu vyangu hivyo hivyo.”

Hapo Soli akapata akili. Alivipindua visu kimoja kimoja, akitafuta mahali ambapo kitu kinakutana na kitu, maana hapo ndipo kila kiatu alichowahi kukishika kilipokuwa kimefia. Viwili aliviweka kando kwa kuwa chuma cha ndani hakikuonekana kimeishia wapi. Kimoja kilikuwa kirefu mno. Kiazi angekimenyaje, labda kwa kusimama mbali. Kingine bapa lake lilikuwa jembamba, linapindika likibonyezwa, zuri kwa samaki, lakini ukilipiga mgongoni kupasua gogo litalia.

Vikabaki viwili. Mama Nondo akaleta beseni la maji ya sabuni na kipande cha ubao. Akamwamuru aloweshe mikono, achome kisu ubaoni, avute. Mpini wa kwanza, wa mti uliopigwa vanishi ukang'aa, ulimteleza mpaka kidole kikakaribia makali. Wa pili ulikaa mkononi kama umekabwa. Ulikuwa wa mpira mweusi wenye mikwaruzo, na mbele yake palikuwa na nundu ndogo ya kuzuia kidole. Chuma kilipita katikati ya mpini mpaka mwisho, kimefungwa kwa ribiti tatu, unakiona pande zote mbili. Bapa urefu wa kiganja. Mgongo mnene.

Kilikuwa kisu kibaya kwa sura kuliko vyote dukani. Miaka miwili kilikuwa kimekaa kabatini, na sababu ilikuwa ala yake: plastiki iliyopasuka, ukikiinamisha kinadondoka.

Mama Nondo alisema anampa hicho badala ya kile cha mwanzo, kwa sharti moja. Alikuwa na visu vingine vitatu vyenye ala mbovu. Fundi avishonee. Soli alikubali kabla mama hajamaliza kusema.

Siku tatu zilizofuata viatu vya watu vilisubiri. Soli alichagua kipande cha ngozi alichokuwa anakiweka kwa ajili ya buti la mtu maalumu ambaye hakuwahi kutokea. Alikilowesha, akakizungushia kisu, akakibana mpaka kikashika umbo. Akatoboa kwa msharasi, akashona kwa uzi aliouburuta kwenye nta mwenyewe, na katikati ya mishono miwili akaweka ukanda wa ngozi ngumu ili makali yasile uzi. Mwisho, chini kabisa kwenye ncha, akatoboa tundu.

Shangazi alikuja kuona, akasema mwanangu umechanganyikiwa, umemaliza ala halafu unaitoboa. Soli akamweleza kuhusu viatu vya mvua: maji yakiingia kiatuni yasipate pa kutokea, ngozi inaoza na misumari inashika kutu. Shangazi akatikisa kichwa kwa heshima, akaenda kumsimulia kila aliyenunua sketi. Mmoja wa walionunua sketi siku hiyo alikuwa mama yake muuguzi.

Ndiyo maana Ijumaa, walipokuwa wanapanda kilima na mizigo mgongoni, mzee aliuliza bila kugeuka kama ni kweli mpini ulibaki kwa shangazi. Muuguzi aliziba mdomo. Soli aliona hakuna pa kujificha, akasimulia yote, ala ilivyonuswa na robota lilivyoshinda, mpaka kaka mtu akalazimika kutua hema chini ili acheke vizuri. Mzee hakucheka. Alinyoosha mkono apewe kisu kingine, akakifunga kiunoni mwake, akaendelea kupanda.

Siku ya kwanza kisu kilichonga vigingi kumi na viwili. Kikakalishwa juu ya gogo kavu, mzee akakipiga mgongoni kwa kipande cha mti, kila pigo Soli akifumba macho na kila pigo gogo likipasuka. Kikaoshwa, kikamenya viazi. Siku ya pili mchana mvua ilishuka na upepo wake. Kamba moja ya hema ikachomoka na kigingi chake, ikamzunguka mzee miguuni, na hema, limekwisha kuchanika pembeni, likaanza kumvuta kuelekea mtoni kama mbuzi anayejua njia. Mama alipiga kelele, kaka mtu alikumbatia nguzo. Mzee akapitisha mkono kiunoni, mikono inachuruzika maji, akakata kamba mara moja. Akarudisha kisu alani kikiwa kimelowa vile vile, na mvua ikaendelea kukinyeshea mpaka jioni.

Asubuhi ya tatu, jua likiwa limetoka, mzee aliketi juu ya jiwe akachomoa kisu. Akakigeuza kutafuta kutu. Akapitisha kidole mahali mpini unapokutana na bapa, akajaribu kuutikisa. Halafu akaichukua ala tupu, akaiweka jichoni, akachungulia bonde lote kupitia tundu la chini kama vile alivyokuwa akichungulia darubini yake ya kazi. Soli alikuwa anakunja upande wake wa hema. Aliukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

“Tundu hili nani kakufundisha?”

“Viatu vya mvua, Baba.”

Mzee alishusha ala. Akaanza kutaja, kama kawaida yake, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vipimo. Mama, sufuria. Muuguzi, sanduku la dawa. Akageuka kwa mwanawe wa kiume, akamwambia kiberiti. Kaka mtu akashangaa, kwa kuwa miaka saba mfululizo alibeba hema, akauliza sasa hema nani.

“Hema abebe mkwe,” mzee alisema. “Linataka kushonwa pale lilipochanika, na mimi sitaki kumlipa fundi wa nje.”

Muuguzi aliinama kutafuta kitu ndani ya sanduku la dawa ambacho hakikuwemo. Soli alitaka kushukuru vizuri, kwa maneno aliyoyapanga mwaka mzima, lakini kilichotoka ni swali.

“Na kisu, Baba?”

Mzee alikwisha kukirudisha kiunoni. “Kisu kimepata mwenyewe,” alisema, akaanza kushuka kilima.

Jumatatu Soli alikuta benchi limejaa mpaka wengine wamekalia viatu vya wateja. Fundi redio alikuwa anaapa kwamba yeye ndiye aliyeshauri mpini wa mpira. Mama Nondo alikuwa amesimama pembeni na visu vitatu vimefungwa gazetini, anasubiri ala zake. Na Shangazi, shati moja begani na jingine mkononi, alikuwa anasimulia safari nzima ambayo hakwenda, amefika pale hema linapomvuta mzee, na kwa hesabu yake mto ulikuwa umekwisha kuwa bahari.