Pikipiki Iliyocheua

Shemeji aliingia uani bila hodi, simu sikioni, akimuahidi mtu pikipiki isiyo yake.

"Jioni njoo uichukue," alisema, akakata. Kisha akamgeukia mjane wa kaka yake. "Mama Pacha, hii imekufa. Ikifika nusu ya kilima inachemka kama sufuria."

"Imekufa, umeizika wewe?" Mama Pacha alikuwa amechuchumaa, spana mkononi. "Kesho inapeleka mikate huko huko kilimani. Ukitaka kuuza, uza viatu vyako."

Mama mkwe wake, aliyekaa kwenye kigoda na pacha mmoja mapajani, alicheka mpaka kitambaa kikamlegea kichwani. Nyumba ile, neno lake ndilo lililofunga mashauri.

"Basi ipande kilima leo. Ikifika juu haijachemka, inabaki kwa mkwe wangu. Ikichemka, mwanangu, mwite mtu wako."

Mama Pacha hakutikisika. Tangu mumewe azikwe, kila aliyeazima pikipiki ile aliiongezea maji ya kisima, yale yale ya chumvi yaliyojaza birika lake ukoko mweupe. Na birika alilijua kulitibu. Rejeta inayopoza injini ni nini kama si birika lenye mbavu?

Aliisubiri injini ipoe kabisa, maana kifuniko cha rejeta ya moto humwosha mtu uso bila sabuni. Akafungua, akamwaga. Yalitoka maji ya rangi ya kutu. Akapitisha siki iliyozimuliwa kwa maji mengi, haikukaa sana, akasuuza na kusuuza mpaka maji yakatoka safi. Tope la mbavuni alilitoa kwa mswaki mkuukuu, polepole, kwani vile vibati hupinda kama karatasi. Mwisho akamimina maji ya rejeta ya dukani, yale ya kijani, mpaka shingoni. Dumu akalipandisha juu ya kabati: ni sumu, na watoto hawajui sumu.

Akawasha. Haukupita muda, taa nyekundu ya joto ikawaka, na hata uani haijatoka.

Shemeji alishatoa simu.

"Irudishe mfukoni, itakuchoma," Mama Pacha alimwambia, akazima injini. Lakini moyoni alijiuliza: ndani safi, imejaa, haivuji. Sasa inalilia nini?

Aliyelia kweli ni yule pacha, aliyetoka kunyonya chupa ya maziwa. Bibi yake akamsimamisha begani, akampigapiga mgongo. Mtoto akacheua kwa sauti ya mtu mzima, akanyamaza.

Mama Pacha akajipiga paja. "Masikini! Nimekushibisha, nikakuacha na upepo tumboni!"

"Unaongea na nani?" shemeji akauliza.

"Na mgonjwa wangu."

Ilipopoa tena, akapandisha gurudumu la mbele juu ya ngazi ya mlango, rejeta ikawa juu kuliko vyote. "Shemeji, shika usukani."

"Mimi tena?"

"Wewe. Mtoto habebwi na mtu mmoja."

Akafungua kifuniko, akawasha injini ikanguruma taratibu, akawa anaiminyaminya mipira ya maji. Mapovu yakapanda moja moja, kisha kwa fujo, na maji yakashuka shingoni. Akaongeza, akaminya tena. Mapovu yalipokwisha, akafunga.

"Panda nyuma," alisema. "Shahidi haendi kwa miguu."

Kwenye kona ile iliyozoea kuwachemkia, shemeji alichungulia juu ya bega lake akiitafuta taa nyekundu.

"Usinipumulie shingoni, utaniongezea joto!"

Walifika juu. Feni ilivuma kidogo, ikatulia. Taa haikuwaka. Ikaita simu ya shemeji. Akaitazama, akamtazama Mama Pacha, akapokea.

"Ndugu yangu, usije. Haiuzwi." Akasikiliza, akajikuna kisogo. "Hapana, haikuchemka. Ilikuwa haijacheua."

Mama Pacha alishaigeuza pikipiki kuelekea mteremko. "Panda, Baba Mdogo," alisema. "Na kesho unanisaidia kupakia mikate."