Kivuli cha Efunyemi

Kila alfajiri, kabla ya kufunua vyungu vya rangi ya nili, Moronke alipiga magoti mbele ya mama yake kumsalimu. Mama, akiwa bado kwenye mkeka, alimjibu kama wanavyojibu mama wote wa Abeokuta: kwa kumwimbia sifa zake za kuzaliwa. Aliita kwanza jina lake la sifa, Ayinke, kisha ukoo wa mafundi wa rangi, kisha mvua iliyonyesha siku aliyozaliwa. Moronke hakuwa na kitu kingine alichokipenda hivyo. Mume wake alikuwa amefariki, na tangu hapo alikuwa amerudi nyumbani kumtunza mama, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umekufa ganzi.

Asubuhi moja mama aliishia kwenye "Ayi".

Ukutani, pembeni mwa Moronke, kivuli cha Efunyemi kilikuwa kimepiga magoti. Efunyemi alikuwa mdogo wake Moronke, aliyeolewa Lagos.

"Mtumbwi wa wauza chumvi kutoka Lagos ulifika jana jioni," mama alisema. "Kitakuwa kimepanda humo, kuja kunisalimu."

Akageukia ukuta, akamwita Efunyemi kwa jina lake la sifa, Asabi, akamwimbia mpaka akawafikia mababu. Moronke alibaki amepiga magoti hadi miguu ikafa ganzi, kisha akaenda kwenye vyungu vyake.

Tangu siku hiyo kivuli kilikuja kila asubuhi. Hakikusema neno, ila habari zilisomeka. Kilifunga kilemba kirefu, ikajulikana kwamba mume anafanikiwa. Mvua zilipoanza, tumbo likavimba. Jirani, Mama Fatoki, alikuja na kigoda chake kutazama.

"Jamani, Lagos kuna chakula! Hebu ona nyonga hizo!"

"Za bibi yake hizo," mama alisema, akitabasamu.

"Na wewe Moronke, kivuli chako husafiri wapi?"

"Mtoni na kurudi, Mama Fatoki. Kina kazi nyingi."

Wakacheka. Moronke naye alicheka, akachelewa kidogo.

Ili kujibu salamu, mama alikituma kivuli chake mwenyewe kwa mtumbwi wa kurudi. Siku ambazo hakikuwepo jua lilimpata vibaya, na ni Moronke aliyemhamishia mkeka huku na huku uani. Ni yeye pia aliyemkanda mguu na kumpondea viazi vikuu mpaka vikalainika. Asubuhi alipiga magoti kama kawaida, akasubiri.

"Umeamka salama, eh?" mama alisema. "Sogea basi, unanizibia."

Kisha kivuli kikaja na mtoto mgongoni. Mama alilia kwa furaha, na siku nzima hakuongea jambo jingine. Alasiri Moronke alichota mashapo ya nili kutoka chini ya vyungu, akapaka ukuta wote, kuanzia sakafuni hadi darini, kama watu wapakavyo sikukuu ikikaribia. Ukuta ukawa mweusi wa buluu, usioweza kuonyesha kivuli cha mtu yeyote.

"Kulikuwa na nyufa," alimwambia mama, bila kuulizwa.

Kulipokucha alijifunga kitambaa cheupe ambacho hakijatiwa rangi, akapiga magoti, akainamisha uso mpaka sakafuni. Mama alijiinua kwenye mkeka. Halafu akaanza kuimba, na moyo wa Moronke ukaruka.

"Asabi," mama aliimba. "Asabi wangu."

Kivuli, kwa kukosa ukuta, kilikuwa kimetua mgongoni mwa Moronke, juu ya kitambaa cheupe, na mtoto akiwa karibu na bega. Kilikuwa kizito kidogo, kama nguo iliyolowa. Mama aliunyoosha mkono akaanza kumpapasa mtoto, taratibu, akifuata umbo la kichwa chake. Tangu mvua zilipoanza mkono huo haukuwa umemgusa Moronke. Hakutikisika. Alitamani usiondoke, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Mama," alisema, uso ukiwa bado sakafuni. "Huu mgongo ni wangu. Mimi ndiye niliye hapa, mimi Ayinke. Niimbie mimi."

Mkono ukatulia.

"Nitakuimbia, mwanangu. Kesho. Sasa nyoosha mgongo, unamkunja mtoto."

Moronke akanyoosha mgongo.