Gundi ya Nyuki

Hospitalini alikofanya usafi walimwita Bi Sabuni, na wala hakuchukia. Dada yake alipovunjika nyonga akawa wa kitandani, alimwachia mizinga yake saba ya nyuki nyuma ya nyumba. "Wape maji tu, mdogo wangu. Mengine watajifanyia wenyewe."

Lakini Bi Sabuni mikono yake haijui kutulia. Alipofunua mzinga wa kwanza akakuta kuta zimepakwa gundi ya kahawia inayonata kama lami, akaguna: dada naye, uchafu gani huu! Akajifunika wavu usoni, akaikwangua yote kwa kisu, mzinga baada ya mzinga, mpaka mbao zikawa nyeupe. Nyuki walimchoma kwelikweli. Akajiona shujaa.

Mwezi wa pili tangu hapo harufu mbaya ikaanza. Milangoni nyuki walikuwa wakiburuta maiti za watoto wao na kuzitupa nje, kutwa nzima, bila kupumzika. Bwana nyuki, mtaalamu wa ufugaji wa nyuki, akaitwa. Akachomeka kijiti ndani ya sega, akakitoa na uzi mrefu wa ute unaonuka. Ndicho kilichobaki cha majana, wale watoto wa nyuki.

"Mitatu hii ni ya kuchoma," alisema. Kisha akapitisha kidole ukutani. "Gundi iko wapi? Mti hutoa utomvu kujitibu vidonda, nyuki wakauchukua wakaipaka nyumba nzima, vijidudu visizaliane. Nani kaikwangua?"

Bi Sabuni akatazama viatu vyake.

Dada, sasa ameanza kuinuka kitandani, kaegemea mkongojo, akajibu polepole, "Kosa ni langu. Kabla sijaanguka nilileta masega ya zamani kutoka kwa jirani. Ugonjwa nimeuleta mwenyewe."

"Huenda," bwana nyuki akasema. "Ila wangekuwa na kinga yao, pengine wangeumudu."

Shimo likachimbwa, mizinga mitatu ikateketezwa. Dada alilia kama aliyefiwa, akijilaumu kwa kila neno. Bi Sabuni alimshika bega, na kila alipombembeleza alijiona mwongo zaidi. Mchana, walipokaa kula, akasukuma sahani yake kando.

"Dada, gundi niliikwangua mimi. Niliona uchafu."

Dada akaweka kijiko chini. "Na pale bwana nyuki alipouliza?"

"Niliogopa."

"Ukaniacha nijibebeshe lawama mimi." Hakupandisha sauti. "Ya gundi hukujua, mdogo wangu. Hili la pili ulilijua."

Bi Sabuni akakusanya vyombo. Wiki nzima alikuja kila atokapo kazini, akijaza maji, akifua, akipika, na dada hamsemeshi zaidi ya salamu. Usingizi ulimruka, akifumba macho anawaona nyuki wanaburuta watoto wao.

Siku ya nane alimkuta dada uani, mbele ya mizinga minne iliyobaki, kando yake kiti kitupu. Nyuki walikuwa wakirudi na vidonge vya kahawia miguuni, wanaanza upya kupaka kuta.

Bi Sabuni akafungua kinywa kuomba radhi tena.

"Kaa," dada akamwambia. "Usiniambie kitu. Tazama tu."

Akakaa.