Mwavuli wa Roketi

Fundi cherehani alikuwa na miaka sabini na miwili na ubishi wa watu watatu. Mwezi uliopita alimshonea jirani suruali yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, akashikilia kwamba aliyepinda ni jirani. Binti yake, mwalimu wa fizikia, hakucheka. Alisema macho yamechoka, cherehani iondoke kabla sindano haijapita kidoleni.

"Nipe kazi ngumu," mzee akamwambia. "Nikikosea, njoo uichukue cherehani."

Kazi ilikuwepo. Mwalimu alikuwa akiunda roketi ya kuwaonyesha wanafunzi wake. Mwili ni bomba la kadibodi, lile la katikati ya jora linalobaki kitambaa kikiisha, alilolichukua hapo hapo kwa baba yake. Pua na mapezi yalichapwa kwa plastiki kwenye mashine ya shuleni ya kuchapa maumbo. Kilichopungua ni mwavuli wa kuishusha taratibu. Akaleta nailoni nyekundu na vipimo: vipande sita, pindo la nusu sentimita.

Mzee aliifanya siku tatu, uso karibu uguse sindano. Redio aliizima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mteja yeyote. Siku ya nne akautoa mwavuli umekunjwa, mdogo kama leso.

"Usiufungue fungue," akaonya. "Utaniharibia mikunjo."

Binti akautumbukiza hivyo hivyo ndani ya bomba.

Jumamosi asubuhi wakasimama kwenye uwanja wa shule. Roketi ilipanda kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa. Ilipofika juu kabisa baruti ikalipuka, pua ikachomoka, na kifurushi chekundu kikatoka. Kikabaki kifurushi. Roketi ikaja chini mbio, ikajikunja katikati ya goli.

Mwalimu alitangulia kufika. Mzee alimwona akiinama, akivuta kitu, akikitia mfukoni.

"Pua ilikwama," binti akasema. "Kosa langu, niliichapa ikabana mno."

"Pua ilichomoka. Nimeiona, imeangukia kule uani. Toa ulichoficha."

Binti akatoa uzi mweupe. Mzee akautambua mara moja, aibu ikampanda hadi masikioni. Kwa miaka hamsini hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake bila kushikizwa: mishono michache ya kuzuia mikunjo isifumuke njiani, mteja akifika kwake anaikata. Mwavuli nao alikuwa ameushikiza. Mkono ulijifanyia wenyewe, yeye hakuulizwa.

"Basi," akasema. "Ahadi ni ahadi. Njoo Jumatatu uichukue." Cherehani ile ndiyo iliyosomesha watoto wake wanne, na huyu akiwemo.

Mwalimu aliufungua mwavuli juani, akapitisha ukucha kwenye pindo lote.

Jumatatu mzee aliifunika cherehani kwa shuka mapema, ili asiione ikitoka. Binti akaja peke yake, bila gari wala wabebaji.

"Tulipatana habari ya macho, baba," akasema. "Nimepima pindo zima, ni nusu sentimita mwanzo hadi mwisho. Na huo uzi wa kushikiza, baruti imeshindwa kuukata. Macho yako sina neno nayo. Shida ni mazoea."

Akainua kipande cha kadibodi chenye herufi kubwa za darasa la kwanza: USISHIKIZE. Kwapani alikuwa na nailoni mpya.

Mzee akakisoma toka upande wa pili wa chumba, miwani ikiwa mezani. Kisha akaenda kuivua cherehani shuka.